Mrehani wa Nyaduoth

Jua la Lodwar lilikuwa limeanza kupoa Tut alipofungulia mpira wa maji kwenye matuta ya mrehani nyuma ya ofisi ya mradi. Kila tuta lilikuwa na kibao cha mahali mbegu ilikotoka. La Kakuma lilikuwa la marehemu mkewe, Nyaduoth: majani madogo, shina la zambarau, harufu ya karafuu.

Nyaduoth alitoka na mbegu ile kwao Nasir, ng'ambo ya mpaka, imefungwa fundo kwenye pembe ya shuka. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma hakumnyima mtu, ila kila aliyempa alimwambia: panda nusu, nusu ikae fundoni. Kisha ukame ukaimaliza ya majirani, homa ikammaliza yeye, likabaki fundo. Mwaka 2012 wakubwa wa mradi wakaja Kakuma kutafuta mirehani ya kupima na kuhifadhi. Wakamwahidi Tut kibarua cha ulinzi na kibali cha kutoka kambini. Tut akafungua fundo, akawamiminia yote.

Mrehani ulipoanza kuchanua, Nyaduoth akaja. Alikuwa ametembea kutoka makaburini Kakuma. Kizuizini polisi hawakumsimamisha, maana kibali huombwa aliye hai. Harufu yake ilitangulia langoni. Akavua ndala, akaketi kando ya tuta lake.

"Baba Nyariek, umekonda. Hawa wakubwa wako hawakulishi?"

"Wanakula kwa niaba yangu."

Akacheka mpaka akakohoa. Tut akamtilia chai, naye akachuma jani akalitumbukiza kikombeni. Cornelius, msimamizi wa matuta, akapita na funguo za gari mkononi, akamsalimu kwa lugha ya pale.

"Ejok, mama. Usikanyage vibao tu."

Akaja hivyo kila jioni. Wiki iliyofuata Cornelius akatoa amri.

"Mzee Tut, kata maua yote. Tunapima uzito ya majani, na maua inakula majani."

"Na mbegu itatoka wapi, bosi?"

"Mbegu ingine iko kwa friji."

Friji Tut aliijua. Stima ilikatwa tangu Krismasi, na bahasha zilizoota ukungu alizitupa yeye mwenyewe, kwa amri ya huyo huyo Cornelius. Angeweza kuacha shina moja lichanue nyuma ya tangi la maji. Nani angeona? Lakini alikikumbuka kibali, mfukoni mwa shati, kimelowa jasho. Laana yao, alijisemea, wao ndio wenye amri. Akashika mkasi.

Alikata nusu ya tuta. Jioni ile Nyaduoth alifika bila harufu yoyote, kama maji. Kesho yake Tut akamalizia. Nyaduoth akapokea chai, akainywa bila jani.

"Nyariek amekusalimu," Tut akasema.

"Nyariek ni nani?"

Tut akainamia birika.

Siku ya kupima, tuta la Kakuma likashika mkia. Cornelius akaagiza ling'olewe, na Tut akaling'oa, mbuzi wa jirani wakala. Lililoshinda ni la majani mapana, lililotoka Kitale, linanuka sabuni kidogo. Wakubwa wakashuka kwenye magari, wakatangaza kwamba mrehani wa watu wa Kakuma umehifadhiwa, wakagawa vipakiti vya mbegu ya Kitale. Tut alipiga makofi pamoja na wengine. Akapewa kipakiti chake.

Jioni Nyaduoth akaja kama kawaida. Akalipita tuta lililokuwa lake, udongo mtupu, akasimama mbele ya mlinzi akatandaza pembe ya shuka. Tut akamwagia kipakiti chote. Nyaduoth akainusa mbegu. Kisha akaigawa, nusu akaifunga fundo, akaushika mkono wa Tut, nusu akamrudishia kiganjani.

"Usimalize yote, mlinzi," akamwambia, kwa upole, kama unavyomwelekeza mtu usiyemjua. "Panda nusu, nusu ikae fundoni."

"Asante, mama," Tut akasema, akaipokea kwa mikono miwili.