Kinanda cha Chaki

Kinanda alichokuwa akipiga marehemu kilikuwa mali ya bendi, na siku ya tatu baada ya mazishi bendi walikuja kukichukua. Mjane, fundi cherehani, aliwafungulia mlango. Kilichobaki kwake kilikuwa ahadi. Hospitalini, mumewe alimshika kiganja akamwomba binti yao aanzishwe muziki na yule mpiga piano mwenzake aliyekuwa akifundisha watoto, si mwingine. Na mwalimu huyo alikuwa na nafasi moja tu ya mwanafunzi.

"Mlete baada ya miezi miwili," alisema. "Nimwone."

Fundi aliona aibu kumpeleka mtoto asiyejua lolote. Akafuta meza yake ya kukatia nguo, akachukua futi na chaki, akachora kinanda. Alikichora kama anavyochora mistari kwenye kitambaa: kibonye cheupe, cheusi, cheupe, cheusi, nafasi sawasawa toka mwanzo wa meza hadi mwisho. Kazi safi, isiyo na dosari.

Binti, miaka sita, alipanda kiti akakitazama.

"Mama, cha baba hakikuwa hivi."

"Kilikuwaje?"

"Vyeusi vilikuwa vinaachana. Hapa viwili, halafu hapa..."

Rula ya mbao ilimshukia kwenye vifundo vya vidole. Neno "baba" lilikuwa bado linamchoma mama yake.

Basi kila alasiri, akitoka shule, mtoto alipiga meza isiyolia, mama akihesabu vibonye kwa sauti. Akikosa, rula. Akipatia, kimya. Chaki ikififia, mama alirudia mistari ileile. Samaki mkunje angali mbichi, alisema.

"Wifi, huyu samaki humkunji, unamkaanga," alisema dada wa marehemu siku alipofuata gauni lake, akaona vidole vilivyovimba.

"Wewe usiyezaa ndiye wa kunifundisha kulea?"

Wifi alikunja gauni taratibu, akaaga. Hakukanyaga tena pale.

Siku ilipofika, mwalimu aliwakaribisha sebuleni kwake, akafunua piano. Mtoto alisimama akaitazama muda mrefu. Kisha akanong'ona, bila kugusa:

"Viwili. Vitatu. Viwili. Vitatu."

"Ala! Mafungu ya vyeusi umeyaona mwenyewe?" Mwalimu alicheka kwa furaha. "Wengine nawaonyesha wiki nzima. Mtoto wa baba yake huyu!"

Fundi alisogea, akaangalia. Kweli, vyeusi vilikuwa vinaachana. Miaka tisa mumewe alipiga kinanda nyuma ya mgongo wake, yeye kainamia cherehani, akimwambia apunguze kelele. Hakuwahi kugeuka kutazama.

"Haya, bonyeza chochote," mwalimu alisema. "Popote. Hapa hakuna kukosea."

Mtoto hakubonyeza. Mwalimu akainua mkono amwonyeshe, na mtoto akarudisha vidole vyake haraka, akavificha kwapani, macho kayafumba, akingoja.

Mwalimu alishusha mkono wake polepole. Akapiga magoti, akaviomba vile vidole kimoja kimoja, akavitazama mbele na nyuma. Aliposimama, hakuwa na kicheko.

"Shemeji, mrudishe nyumbani."

"Lakini ana kipaji! Umesema mwenyewe!"

"Anacho. Ila kwa sasa simwezi. Nikimgusa tu anangoja kupigwa. Mlete atakaposahau."

"Na nafasi?"

"Nafasi nimeombwa na wengi. Siwezi kuiacha wazi."

"Marehemu alikuomba wewe!"

"Aliniomba nimfundishe mwanawe," mwalimu alisema, akaifunika piano. "Hayo ya vidole hivi, shemeji, hakuniambia."

Njiani mama alitembea mbele. Mtoto alimkimbilia, akamshika pindo la gauni.

"Mama, kwa nini hukumwambia ulinifundisha?"

Mama aliongeza mwendo.

"Amesema nisahau. Nisahau kinanda kipi? Chako au cha baba?"

Fundi alimkwanyua vidole kwenye pindo lake.

"Tembea," alisema. "Kuna nguo ya mtu inangoja."