Anza Mwisho, Urudi Nyuma

Kila Jumatatu mjane aliingia sebuleni, na kila Jumatatu mpelelezi mstaafu alimpokea kama hajawahi kumtia machoni.

"Karibu, mama. Kuna malalamiko?"

"Yapo, afande. Mume wangu alikwenda kiwandani siku ya mgomo. Hajarudi."

"Pole sana."

Mjane hakuwahi kumjibu kwamba ameshapoa. Angepoaje?

"Mama, unajichosha bure," binti wa mpelelezi alisema kutoka jikoni. "Baba hakumbuki hata chai aliyokunywa sasa hivi."

"Niache, mwanangu. Wenye akili timamu wamenisahau wote: meneja, mkubwa wa kituo, hata wale mume wangu aliowapigania mshahara. Wakiniona wanavuka barabara. Huyu asiyekumbuka kitu ndiye pekee anayenipa pole, tena mpya kila wiki."

Mumewe alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha nguo, mdomo wake hauna breki mbele ya mabosi. Alipotoweka, jalada alilopewa mpelelezi huyu lilifungwa kabla halijashika vumbi. Sasa kiwanda kimefungwa, tingatinga limeshaingia, na mabwana wale wale watamwaga zege juu ya kila kitu. Mjane alitaka jambo moja tu: kujua mumewe amelala wapi kabla hawajamjengea ghorofa kifuani.

Akavuta kiti karibu. "Afande, soksi zako hazifanani."

"Moja ya zamu ya asubuhi, nyingine ya jioni."

Walicheka mpaka mjane akafuta macho. "Leo nakuhoji mimi. Kwa mtindo wako."

Kituo kizima kiliujua mtindo huo, na mjane mwenyewe alishahojiwa hivyo. Shahidi hakuruhusiwa kuanzia mwanzo, maana mwanzoni ndiko watu wanakopanga uongo. Anza mwisho, urudi nyuma.

"Siku uliyomtafuta fundi wa kiwandani, ulimalizia wapi?"

Akafumba macho. "Nyumbani. Mke wangu ananigombeza, viatu vimejaa rangi ya bluu."

Binti akasogea mlangoni na mwiko mkononi. "Kweli. Marehemu mama alivitupa viatu vile."

"Kabla ya hapo, afande?"

"Nanawa bombani, nyuma ya stoo ya rangi."

"Kabla ya hapo?"

"Mkubwa kanisimamia. Ananiambia fukia, usahau, una mtoto mdogo nyumbani."

Mwiko ulishuka taratibu. Mtoto mdogo alikuwa yeye.

"Na kabla ya hapo?"

"Nachimba chini ya bomba. Naona ovaroli. Ina kiraka chekundu gotini."

"Nilikishona mimi," mjane alinong'ona.

Mzee akafumbua macho, akainuka. "Sasa mbona tumekaa? Twende tukamtoe!"

"Baba, si mkubwa alikukataza?"

"Mkubwa gani?"

Ugonjwa uliokula jina la mkewe ulikuwa umeila na hofu yake.

Kiwandani alisimama mbele ya tingatinga, mkono juu kama askari wa barabarani, mpaka dereva akazima injini. Binti akapiga simu, kwanza kwa waandishi wa habari, polisi baadaye. Mjane akavua mtandio, akautandaza chini ya bomba bovu, akakaa kando yake.

Mzee akamwinamia. "Samahani, mama. Wewe ni nani wake?"

"Mke wake."

"Pole sana, mama."

Mjane akamshika mkono. "Nimeshapoa, afande."