Kifua cha Mtakatifu Nestori

Marehemu mume wangu alikuwa mhunzi. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kumfulia mwanetu Dabiziv deraya: vipande vya chuma vilivyopangwa kama magamba ya samaki na kufungwa kwa kamba za ngozi. Hakutuachia kitu kingine cha maana.

Kisha Bwana Vukoslav, mtawala wetu, akajenga kanisa, Mungu amsamehe madhambi ambayo sisi wengine tunayajua vizuri, akaleta mchoraji Mgiriki. Mgiriki yule hachori asichokiona. Alitaka deraya ya kweli ili amvishe Mtakatifu Nestori, mtakatifu wa vita, ukutani. Bwana hakutaka yake ichafuliwe na chokaa, akatuma watu kwangu.

"Ni heshima hii, mama," wakasema.

"Heshima gani inakuja na mikuki?" nikawajibu. Wakaichukua.

Haikupita wiki, baragumu likalia. Waturuki wamevuka mto, kila kijana atoke. Dabiziv alikimbilia kanisani, nami nyuma yake. Deraya ilikuwa imetundikwa mbele ya ukuta, na Nestori alikuwa na kichwa tu.

"Leo nimefika shingoni," mchoraji akasema. "Kifua ni kesho, nikipaka chokaa mbichi. Ikishakauka hainywi rangi."

"Si uchore kwa kukumbuka! Hicho ni kichwa au boga?"

"Mama, nikikosea, bwana atanikata mkono."

Bwana mwenyewe akaingia, amevaa chuma kitupu kuanzia shingoni hadi magotini. Mwanangu akapiga goti.

"Bwana wangu, naomba deraya yangu. Ni ya baba."

"Unamnyima mtakatifu?"

"Simnyimi, bwana. Lakini yeye ameshakufa. Mimi bado."

Watu wakacheka. Hata Vukoslav alicheka, akampigapiga begani. "Nestori atakukinga. Haya, twende."

Akaenda na koti la sufi. Nililishona mimi, nikalirudia kwa uzi mnene, kana kwamba uzi wangu ungezuia chuma.

Walimrudisha kwa mkokoteni. Nilimwosha mwenyewe. Chini ya titi la kushoto palikuwa na tundu la kuingia vidole viwili. Deraya nayo ikarudishwa, imesuguliwa inang'aa, haina hata mkwaruzo.

Kanisa lilipofunguliwa watu walimiminika kumtazama Nestori. Kila gamba lilionekana, kila fundo la mume wangu. "Una bahati, mama," jirani akaninong'oneza. "Kazi ya mumeo haitapotea." Nilitaka kumtemea mate.

Kwetu wanawake hukwangua chokaa kwenye macho ya watakatifu, wakaichanganya na maji, wakaosha macho yanayouma. Hakuna anayewakataza. Kwa hiyo hakuna aliyeniuliza nilipobaki nyuma na msumari wangu kila Jumapili baada ya ibada. Ila macho ya Nestori sikuyagusa. Macho yangu hayana ugonjwa, yaliona kila kitu.

Sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, Vukoslav alisimama mbele ya ukuta, akawa mwekundu.

"Nani kamtoboa mtakatifu wangu?"

Wanawake wakainamisha vichwa. Chini ya titi la kushoto, katikati ya magamba yale mazuri, palikuwa na tundu la kuingia vidole viwili. Kucha zangu zilikuwa bado nyeupe kwa chokaa, wala sikuzificha.

"Ni mkuki, bwana," nikasema. "Alikwenda bila deraya."