Fungu la Mjerumani

Mgeni wa kampuni alipanga mafungu matatu ya waya wa shaba mezani, mbele yetu sisi watu wa tanuru. La kwanza, akasema, ndiyo shaba anayotumia Mjerumani mmoja kwa mwaka. Lilikuwa zito kama mtoto anayejifunza kutembea. La Mchina lilipungua kidogo. La Mzambia lilienea kiganjani.

"Na sisi ndio tunaoiyeyusha!" akasema Kasonde.

"Umeme wenyewe kwako unakatika kila siku," nikamjibu, "shaba utaifanyia nini?"

Kasonde alikuwa Mbemba, mimi Mngoni. Watani. Miaka ishirini na sita tanurini tulitukanana kila asubuhi, yeye akiniita mla panya, mimi nikimwita mla nyani, na hakuna aliyenuna. Alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu, arudi kwao Kasama kulima. Hata mahali pa kuchimba kisima alishapachagua.

Baada ya chakula, fungu la Mjerumani halikuonekana. Mkuu wa ulinzi, aliyeletwa kutoka ng'ambo wiki ile ile, akafunga mlango wa ukumbi.

"Nani ameliona?"

Mdomo wangu huu, laiti ungeoza siku ile.

"Muulizeni huyo mla nyani," nikasema. "Wabemba kwa wizi ndio wenyewe. Hamkioni hicho kitambi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kasonde naye akajipapasa tumbo. "Nimelimeza, mtani! Njoo kesho chooni uchukue mgawo wako."

Mkuu wa ulinzi hakucheka. Aliandika: shahidi yupo, na mtuhumiwa amekiri.

Nilimfuata hadi getini nikimweleza utani ni nini, kwamba sisi hata msibani tunataniana.

"Ulisema, hukusema?"

"Nilisema, mzee, lakini..."

"Basi."

Walinzi walikaa na Kasonde siku tatu, wakiitafuta shaba mwilini mwake kwa marungu. Siku ya nne dereva wa mgeni akalikuta fungu nyuma ya kiti cha gari. Mgeni alikuwa amelirudisha mwenyewe, akasahau. Hakuna aliyeomba radhi. Kasonde alikojoa damu wiki nzima, kisha akafa.

Makaburini mtani ana kazi yake: kuingia shimoni kabla ya maiti, kumtukana marehemu, kuwachekesha wafiwa. Watu wote waliniangalia mimi. Nilisimama pale, natamani kukimbia.

Mama Mwape, mjane wake, akainuka mkekani.

"Jere, mbona kimya leo? Si ulichekesha ukumbi mzima? Haya, tuchekeshe na sisi."

Nikaingia shimoni. Nikalala chali kama desturi inavyotaka, nikapaza sauti: "Mla nyani, nipishe, shimo hili langu!"

Hakuna aliyecheka, wala aliyenipa mkono nitoke.