Bega kwa Bega na Mwingereza

Sisi wabebaji wa sanamu ya Mtakatifu Roko kwenye maandamano ya sikukuu yake hupangwa wawili wawili kwa urefu, la sivyo mtakatifu wa watu anainama kama mlevi. Mimi ndiye mrefu kuliko wote kijijini, na mwenzangu wa bega alipotelea vitani Urusi. Ndiyo maana Agosti ile, Wajerumani wakiwa wamekikalia kijiji chetu, Padre Ubaldo alinijia.

"Oreste, mwanangu, yule rubani Mwingereza aliyewatoroka Wajerumani kule shuleni walikomfungia yuko kwangu, juu ya mnara wa kengele. Mlingoti kama wewe. Kesho kwenye maandamano akivaa kanzu yetu na kofia ya kufunika uso, atavuka nasi daraja."

"Mtafutie mwingine!"

"Nani? Beppe, anayezidiwa kimo na mbuzi?"

Nilimjibu maneno ambayo padre haambiwi. Ndege za Waingereza hao hao zilibomoa kituo cha treni mwezi wa tano, na mke wangu alikuwa pale na kapu lake la mayai. Padre mwenyewe ndiye aliyemzika. Hakunibembeleza. Alisema tu, "Wakimkamata tena watampiga risasi," akaenda zake.

Nilikwenda. Mpaka leo sijui kwa nini.

Darajani Wajerumani walitusimamisha. Mwingereza akarudi nyuma hatua moja, sanamu ikayumba, askari mmoja akaja upande wetu. Haki ya Mungu, ningeshusha bega tu, kwisha habari yake! Niliwaza hivyo, sitaki kudanganya. Kisha nikamkanyaga mguu nikafoka, "Simama wima, mpumbavu! Kila mwaka lazima ulewe?" Nikamwonyesha askari ishara ya chupa mdomoni. Akacheka, akatupisha.

Ng'ambo, kwenye mizabibu, alivua kofia. Mtoto tu, hata ndevu hazijakolea, analia. Akajigusa kifua: "Leslie." Kisha akaninyooshea kidole, akitaka jina langu. Nilikuwa na mengi ya kumwambia na lugha sina. Nikamtajia jina la marehemu mke wangu.

"Ersilia."

Akadhani ndilo langu. Kiitaliano alijua neno moja tu, akalitumia huku amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Asante, Ersilia. Asante, Ersilia."

Tangu mazishi hakuna mtu kijijini aliyethubutu kulitaja jina hilo mbele yangu. Nikamwacha aliseme tena, ndipo nikamwonyesha njia ya mlimani.