Udongo Uliotiwa Kwenye Vifuko

Generosa alikuwa na haja moja tu duniani: shamba lake la viazi hapo Nyarugusu lisigeuke jalala. Jirani yake, Donatus, alikuwa akivunja runinga mbovu apate shaba ya kuuza. Shaba aliipeleka nyumbani kwake mwenyewe. Maganda ya plastiki aliyamwaga shambani kwa Generosa, kwa unyenyekevu wa mtu atoaye sadaka.

Siku moja alikuja Loveness, mtaalamu wa udongo, akachota udongo wa shamba hilo, kidogo huku na kidogo kule, akatia kwenye vifuko vyenye namba. Baada ya wiki sita akasoma majibu mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Alieleza kwa Kiswahili safi kabisa: plastiki ya runinga hutiwa dawa isishike moto, dawa hiyo imeingia ardhini, kuku wakidonoa pale, mayai yao hayafai kuliwa.

Ila Generosa, hakuna aliyemwamini. Pande hizi za machimbo, udongo ukishatiwa kwenye vifuko vyenye namba, maana yake ni moja tu: dhahabu.

Jioni Donatus, amevaa shati la kanisani, akabisha hodi kwa Generosa, mama yake Noela.

"Shikamoo, Mama Noela."

"Marahaba. Leo umekumbuka una jirani?"

"Tubadilishane mashamba, mayu, mama yangu. Nipe lile bovu, chukua langu la bondeni."

"Donatus, lile lina sumu. Sumu ya maganda yako mwenyewe!"

Donatus akakonyeza. "Hata mimi ningekuwa na mali ningesema hivyo hivyo."

"Si umemsikia mtaalamu?"

"Nimemsikia. Wanasomea kuficha wale."

Kesho yake, mbele ya mwenyekiti, Generosa alitamka neno sumu mara tatu, akataka liandikwe kwenye hati ya kubadilishana mashamba. Likaandikwa. Donatus akatia dole gumba, akimwonea huruma mama wa watu asiyejua kudanganya.

Nani arundike takataka juu ya dhahabu? Kufikia Jumamosi Donatus alikuwa amerudisha kila ganda uani kwake, akazungusha uzio wa miiba na kuweka mgambo mwenye rungu. Hakuingia mtu, ng'ombe wala kuku.

Loveness aliporudi aliuzunguka uzio wote. "Miaka mitatu naomba ardhi kama hii izungushiwe uzio! Mmefanyaje?"

"Tulimwambia ukweli, mwanangu," Generosa akajibu, "akakataa katakata kuuamini." Akautazama mkoba wa mgeni. "Hebu niachie vifuko vitano. Kuna mwingine anamwaga betri kisimani."