Hewa ya Chini ya Meza

Alhamisi jioni kikundi cha kodi ya kaboni kilikutana kama kawaida katika chumba cha chini cha kanisa la Wamethodisti la Toller, mashariki mwa milima ya Cascade. Marlys Oakes alifungua kompyuta. Wendell Aukland, aliyewahi kufundisha jiometri nusu ya mji, alipanga viti. Ignacia Barragán aliweka mezani sufuria ya tamale, vitumbua vya unga wa mahindi vilivyofungwa kwa maganda na kupikwa kwa mvuke, na kuegemeza mtungi wake wa oksijeni ukutani. Alikuwa amechuma matufaha tangu ujana, na kiangazi alichoamriwa kuchuma ndani ya moshi wa misitu iliyokuwa ikiungua ndicho kilichomaliza mapafu yake. Moshi wa mwaka huu ulikuwa umeshafika hadi kwenye ngazi za kanisa.

Hakuna aliyelipwa. Walikuwa wakiandika sheria ambayo wananchi wa jimbo la Washington wangeipigia kura. Jioni hiyo walimaliza kifungu cha kwanza: kila anayechoma makaa, mafuta au gesi atalipia kaboni yake, bila msamaha kwa yeyote. Walipiga kura kwa vidole gumba, kama desturi yao. Cha juu, nakubali. Cha pembeni, naweza kuvumilia. Cha chini, napinga, na mpinzani mmoja alitosha kuzuia jambo. Vidole vyote vilielekea juu. Marlys akakihifadhi kifungu.

Moshi uliokuwa chumbani ukatoka kwa kupita chini ya mlango, taratibu, kama waumini baada ya ibada. Ignacia alichomoa mpira wa oksijeni puani, akavuta pumzi hadi chini kabisa ya kifua, akajipakulia tamale.

"Kifungu kinafanya kazi," alisema Marlys.

Wendell alichungulia nje. "Humu ndani tu. Kwenye ngazi bado."

"Basi kitoeni nje," alisema Ignacia. "Andikeni upesi, mwalimu, msinipambie maneno."

Wiki iliyofuata alikuja Cody Pruitt kutoka Seattle, kijana mwenye viatu vya mlimani visivyo na tope. Alitumwa na muungano uliokuwa tayari kugharimia kampeni. Alisema rasimu yao ni nzuri sana na itashindwa. Wakisamehe kiwanda cha karatasi cha pale mtoni, kiwanda hakitawapinga.

"Wamekuahidi?" aliuliza Ignacia.

"Wameonyesha nia njema."

"Hata bosi wangu wa shambani alikuwa na nia njema. Alitugawia barakoa za karatasi."

Walicheka, Pruitt pia. Marlys, ambaye kaka yake alikuwa fundi kiwandani, aliinua kidole juu. Wendell alikiweka pembeni. Ignacia naye akakiweka pembeni, kwa kuwa alikuwa ameombwa kwa upole.

Marlys alipohifadhi, moshi ulirudi kupitia darini, ukashuka hadi usawa wa shingo ya mtu aliyesimama, ukatulia.

"Umenyooka sawasawa," alisema Wendell akiupima kwa jicho. Kikao kiliendelea wakiwa wamekaa.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya kusamehe mafuta ya ndege na meli. Ignacia alielekeza kidole chini. Walimsikiliza kwa heshima mpaka akachoka, kisha wakamwomba asiwe kikwazo kwa watu wote wa jimbo, naye akakisogeza pembeni. Moshi ulishuka hadi kwenye uso wa meza. Wenzake walivaa barakoa. Yeye alihamia sakafuni na mto wa kukalia.

Msamaha wa mwisho ulikuwa wa mitambo ya kusafisha mafuta.

"Mama, hatujakutupa," Pruitt aliuambia moshi. "Tunaweka kifungu cha utafiti kuhusu watu kama wewe."

"Watu kama mimi tuko chini ya meza, kijana. Inama ututafiti."

Hakuinama. Wendell aliomba vidole, akavitazama.

"Sioni pingamizi," alisema.

"Kidole kipo huku, mwalimu. Kinaelekea chini."

"Kanuni inataka kidole kionekane, Ignacia. Tuliipitisha pamoja."

Ignacia alipiga magoti na kuingiza kichwa ndani ya moshi. Mkono ulifika juu ya meza ukiwa umekunjwa barabara, kidole chini. Kikohozi kikamkamata, mkono ukafunguka na kulala ubavu.

"Pembeni," alisema Marlys, akaandika kwamba anaweza kuvumilia, akahifadhi. Moshi ukashuka hadi magotini.

Walikusanya sahihi mbele ya maduka ili sheria ipelekwe kwenye kura. Kiwanda cha karatasi kilitumia mamilioni kuwapinga. Matangazo yake yalisema, bila kudanganya, kwamba sheria hiyo imejaa misamaha ya wakubwa. Novemba wapiga kura waliikataa.

Rasimu haikufutwa kwenye kompyuta, hivyo hewa safi ilibaki palepale, kimo cha goti. Ignacia alihamia chini ya meza. Kanisa lilimpa godoro. Mchungaji alipompelekea chai, alilala kifudifudi kwanza ndipo akamsalimu.

Januari kikundi kilirudi kuandika upya. Pruitt alipiga simu kushauri waanze na maandishi ya zamani, maana hayo yalishakubaliwa na wote.

"Na wote gani?" aliuliza Ignacia.

Wendell alisema hoja yake imesikika, akaomba vidole. Wakavuta viti mezani na kukunja miguu, kila mtu kwa uangalifu, wasije wakamkanyaga.